Nzai Ataka Gereji

Kafedha aliposikia kwamba mumewe anataka nyumba yenye gereji, alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akakasirika. Nzai hana gari. Hata baiskeli haijui. Aliijaribu mara moja tu maishani, akaangusha meza ya mama wa viazi karai, na mpaka leo mama huyo akimwona hushika karai lake kwa mikono miwili.

Isitoshe, kwa Kafedha gereji ni kwa mafundi: oili chini, nyundo toka asubuhi, na matusi. Ikabidi Hassan, dalali wao, amweleze kwamba gereji hii ni chumba tu cha kulaza gari. Hapo Kafedha akazidi kushangaa. Gari nalo lina chumba, na mamake mzazi hana?

Maana hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Nyumba zilikuwa mbili, mtaa mmoja pale Mtopanga, bei moja. Ya kwanza ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Ya pili ilikuwa na chumba kimoja, ukumbi na hiyo gereji. Aliyeijenga, Mungu amrehemu, alilipenda gari lake kuliko wageni. Na Bi Sidi, mamake Kafedha, macho yake yamekwisha, tena analala ukumbini katika nyumba yao ya kupanga. Kila alfajiri Nzai akitoka kwenda sokoni Kongowea hupita kando ya kitanda cha mkwewe uso umeelekea ukutani, amejikunja kama mwizi. Mkwe hatazamwi akiwa kitandani. Kafedha alitaka mamake apate mlango wa kufunga, na watoto wao walichanga pesa za kununulia nyumba wakijua hivyo.

Nzai aliyasikia yote, akajibu neno moja tu, kwamba nyumba isiyo na gereji haimwingii moyoni. Akaulizwa kwa nini. Mawingu yalikuwa yakikusanyika, naye akaacha ugali wake mezani, akachukua turubai na kwenda nje kuufunika mkokoteni wake, uliofungwa mnyororo kwenye mlingoti wa stima. Hiyo ilikuwa kawaida yake tangu enzi za uhamali. Siku hizi ana kibanda chake cha vitunguu, lakini hauamini mzigo wake kwa mkokoteni wa mwingine. Mara mbili wezi wamemng'olea magurudumu, na mara zote mbili alikaa siku nzima bila kusema na mtu.

Jumamosi wakaenda kuiona ile nyumba ya pili. Mwenyewe alikuwa Mama Rosalia, mjane aliyestaafu kiwandani Changamwe, sasa anarudi kwao Siaya. Akawaonyesha jiko, akawafungulia mfereji waone maji. Nzai hakutazama jiko wala maji. Alikwenda moja kwa moja gerejini, na Kafedha akamfuata nyuma, ameshayapanga maneno ya kumwambia.

Gereji ilikuwa tupu, pana, dari juu. Nzai alikuwa amesimama mlangoni, uso barabarani, mgongo ndani. Hakumwona mkewe, aliyeingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa amekunja ngumi mbili usawa wa kiuno, kama mtu aliyeshika mpini. Akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, akitazama begani kushoto, kisha kulia, asije akagusa ukuta. Misuli ya shingo ikamsimama. Alipofika ndani akatua, akainama, akaushusha mpini chini taratibu. Kisha akasimama akipangusa jasho, na jasho lilikuwepo kweli.

Kafedha akashikwa na kicho. Mkokoteni haukuwepo, naye aliuona. Aliyaona magurudumu yake ya lori na mbao zilizobadilishwa moja moja hata haikubaki ya mwanzo, na nyuma yake yale maandishi mekundu, HARAKA YA NINI. Juu ya maandishi hayo ndipo alipolazwa siku uchungu ulipomshika na gari la kukodi likakosekana. Nzai aliwamwagia watu vitunguu vyao barabarani, akamkimbiza mpaka hospitali, na njia nzima watu wakisoma na kucheka. Mwana wao Katana alizaliwa ananuka vitunguu. Mkokoteni huo ndio uliowalisha, ukawasomesha watoto, nao miaka yote hiyo umelala nje. Kafedha alisimama pale, mwili ukimsisimka, akaona haya kwamba hakuwahi kuufikiria.

Mama Rosalia akaingia na funguo. "Na gari yenu ni aina gani?"

Nzai akainamisha kichwa. Kafedha akaelewa kwa nini mumewe hakusema, nani asingemcheka?

"Ni la magurudumu mawili," akajibu yeye. "Linaenea humu vizuri."

Njiani kurudi, Nzai akauliza kwa sauti ya chini habari za mkwewe. Kafedha akamwambia kwamba chumba ni cha mama, wao watatandika ukumbini, kwani hawakuanza maisha yao sakafuni? Nzai alitembea akitazama mbele, machozi yakimtoka, wala hakuyapangusa.

Walihamia mwezi uliofuata. Siku ya pili, wakila mchana, mvua ikashuka kwa kishindo juu ya mabati. Nzai akainuka, mkono ukitafuta turubai. Akasimama hivyo, nusu amesimama nusu ameketi, akiutazama mlango wa gereji. Kafedha akaacha kutafuna.

Kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, Bi Sidi akaita, "Nzai, mwanangu. Gari halilowi?"

"Halilowi, mama," akasema Nzai. "Liko ndani."

Akaketi, akavuta sahani yake, akaendelea kula.