Tundu la Kidole

Bibi aliutoa mkeka wake shingo upande. Mjukuu wake, mtunzaji wa vitu vya kale kwenye makumbusho, alikuwa amembembeleza mwaka mzima: paa la nyumbani linavuja, mvua za siku hizi hazina adabu, hazijui msimu wala kiasi, makumbusho ndiko salama. Bibi, ambaye macho yalikwisha kumzimikia, akakubali. Mikindu yote ya bondeni ilikuwa imekauka kwa kiangazi, na mkeka wa namna ile hausukwi tena.

Lo! Mvua iliyofuata ililiacha paa la Bibi ikaenda kulijaza ghala la makumbusho. Mjukuu aliingia kwenye maji ya kiunoni, akavipita vinyago vyenye thamani kuliko nyumba yao, akaukumbatia mkeka. Mkuu wake akamfokea. Yeye akajifanya hamnazo.

Aliukausha kivulini, akaufuta ukungu kwa brashi laini. Ukingoni akakuta tundu, mshono umeachia. Akayalaani mafuriko. Alihangaika huku na huko mpaka akapata ukindu wa zamani, akaliziba tundu kwa ustadi hata yeye mwenyewe hakuliona tena. Wenzake walimsifu, na alistahili, tusimnyime haki yake. Lakini usilolijua ni kama usiku wa giza.

Jumapili akampelekea Bibi kitandani.

"Bibi, mkeka wako huu hapa. Mzima!"

"Ee, mjukuu wangu! Nilishaulilia nikanyamaza."

Bibi alicheka kama msichana. Vidole vyake vikatambaa ukingoni, vikafika mwisho, vikarudi. Vikaenda tena. Kicheko kikakatika.

"Pale pa wazi pako wapi?"

"Nimepaziba, Bibi. Mafuriko yalipatoboa."

"Si mafuriko, mama. Ni mjomba wako, yule aliyekufa mdogo. Nikisuka alikuwa anachomeka kidole hapo, ananichokoza. Nikapaacha wazi kwa ajili yake. Tangu afe, nikilala naweka changu."

Mjukuu aliufungua mkoba wake wa kazi. Machozi yakimlengalenga, akachukua mkasi.

"Nafumua sasa hivi, Bibi. Litarudi vilevile."

Bibi akaupapasa mkono wake, akaushusha taratibu.

"Acha, mama. Ukilitoboa wewe, litakuwa tundu lako."

Akajilaza, akageukia ukutani. Kidole chake kiliendelea kuutafuta ukingo, kikipita juu ya ule mshono mzuri, mpaka usingizi ulipomchukua.