Kurasa Kumi na Mbili Chini ya Maharage

Kwa mamlaka makubwa niliyojipa mwenyewe, mimi Zita, Mpelelezi Mkuu wa Kidato cha Tatu, ninatangaza kwamba fumbo la kurasa kumi na mbili limefumbuliwa. Mkosaji amepatikana. Ni panya.

Ndivyo nilivyosema Jumamosi moja ya Mei mbele ya wasichana thelathini waliokaa kwenye nyasi nyuma ya bweni. Nilivaa koti la mvua la mlinzi lililonifika vifundoni, na mkononi nilishika lenzi ya maabara ambayo nilisahau kuiomba. Kanuni za kazi nilizijua: katika hadithi za upelelezi watuhumiwa hukusanywa pamoja, na mpelelezi hupita mbele yao polepole akisema mengi kabla ya kusema jambo. Tatizo lilikuwa moja tu. Panya hakuhusika.

Kitabu chenyewe kilikuwa na jalada la kijani. Tajiri amekutwa amekufa katika chumba kilichofungwa kwa ndani, na nyumbani mna wageni tisa, kila mmoja ana sababu ya kutomlilia. Nakala ilikuwa moja shule nzima, tukaisoma kwa foleni. Mwezi Machi zamu ilimfikia Minza, na alipobakiza sura ya mwisho, sura hiyo, kurasa kumi na mbili, ikatoweka. Mwalimu Flavian, mtunza maktaba, alifungua daftari la kuazimia akakuta jina la mwisho ni la Minza.

"Mpaka zipatikane," alimwambia, "hutaingia maktaba."

Baba yake Minza ni mfugaji aliyehama na ng'ombe kutoka Usukumani. Nilipofika Kidato cha Kwanza nikilia kwa kukumbuka nyumbani Kasense, mwendo wa baiskeli tu, jambo lililozidi kunitia aibu, ni yeye aliyenikalisha penye bomba la kufulia akanisimulia habari za joka linalolinda mlango wa mlima. Joka lake lilikuwa na nundu, kama fahali wa baba yake. Nikacheka, machozi yakakosa njia. Tangu siku hiyo bweni zima lilifua nguo kila Jumamosi likimsikiliza. Tangu Machi hii bombani pakawa kimya. Alichosoma alikuwa amekimaliza kusimulia, na asichosoma hakutaka kukisimulia.

"Ushahidi uko wapi?" aliuliza Angela, kiranja wetu.

"Alama za meno," nilijibu kwa uzito.

"Panya gani huyo anakula sura ya mwisho tu?"

"Panya msomaji."

Walicheka. Hata Mwalimu Flavian, aliyesimama pembeni mikono nyuma, alikaribia kutabasamu.

"Kwa hiyo Minza yuko huru, Mwalimu?" niliuliza.

"Nikiziona hizo alama."

Hapo akatokea Mama Monika, mpishi wetu, kapu la maharage kichwani. Tulimwamkia, akaitika, akashusha kapu.

"Mnacheza nini?"

"Upelelezi, Mama."

"Basi nichunguzieni na hiki. Nilikuwa nang'oa maharage, tuta moja likabomoka, hiki ndani. Nilidhani mtu ametufukia uchawi."

Alikuwa ameshika donge jeusi lililochuruzika maji. Nililitambua kabla halijafika chini.

Nilikuwa nimezifukia zile kurasa kama hazina, kama wafanyavyo katika hadithi za visiwa na ramani, nikikusudia kuzifukua kwa sherehe baada ya wiki moja. Mwalimu alikasirika kabla ya sherehe, na ujasiri wangu ukaisha. Leo nilitaka panya amwokoe Minza, kisha nizifukue kurasa kimyakimya. Lakini nilizifukia kwenye tuta la mviringo, mojawapo ya yale tunayoyajaza majani mabichi wakati wa mvua. Mimi, binti wa wakulima wa Ufipa, niliyejifunza kutembea kati ya matuta, nilisahau kwamba tuta lina kazi moja: kuozesha kila unachokitia ndani yake.

Karatasi zilikuwa uji. Foronya niliyozifungia ilikuwa nyuzinyuzi. Kitu kimoja tu hakikuoza, namba ya kufulia ambayo mama yangu aliishona kwa uzi mwekundu wa nailoni.

"Arobaini na saba," Angela alisoma.

Bwenini tunajuana kwa namba kuliko kwa majina. Vichwa thelathini viligeuka. Minza alikiokota kile kipande, akakifuta udongo kwa kidole gumba.

"Machi ulikuwa unalalia mto mtupu," alisema. "Nikakupa foronya yangu. Sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

"Haya, mpelelezi. Endelea."

Nilivua koti. Bila koti nilikuwa mfupi sana.

"Mwalimu, hakuna panya. Nilizichana mimi, Minza akiwa anafua, kitabu kikiwa kitandani kwake. Nilitaka mzaha. Kisha nikaogopa, nikamwacha abebe yeye."

Mwalimu Flavian alimgeukia Minza kwanza. "Minza, maktaba iko wazi," alisema. "Zita, Jumatatu ofisini. Na hiyo lenzi."

Minza alikuwa bado anageuzageuza ile namba.

"Ulizisoma kwanza, angalau? Nani alimuua?"

"Sikuzisoma."

Wasichana waliguna kwa uchungu wa kweli. Minza alivuta kapu la Mama Monika, akaketi, akaanza kumenya maharage.

"Kaeni basi," alisema. "Mlango ulifungwa kwa ndani. Tuanzie hapo."

Nilikaa karibu naye, nikachukua konzi yangu ya maganda.

"Minza. Ile foronya yako. Nakurudishia leo."

"Kaa nayo," alisema bila kuinua macho. "Ila shona namba yako, nisije nikasingiziwa tena."

Niliishona jioni ile ile, kwa nailoni.