Wapiga Filimbi Damuni

Je, wewe umewahi kuingia ndani ya mkono wako mwenyewe? Mimi usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia, pale pale kwenye kiwiko wanapotolea damu.

Nilikuwa na miadi ya kupimwa asubuhi. Siku tatu nzima nimekunywa chai bila sukari, majibu yatoke safi, mume wangu Baba Mwantumu asijue kwamba kifua kinanibana nikipanda kile kilima cha kisimani. Kila nikiitwa kupimwa hufanya hivyo.

Basi, ndani kuna barabara nyekundu, ya joto, pana kuliko ya kwenda Dodoma. Wapagazi wamejitwika sukari, wanabisha hodi mlango mmoja mmoja. Hakuna anayefungua.

"Shikamoo, Bibi," ananiambia mmoja. "Tumesimama hapa miaka."

"Marahaba."

Mara barabara inakuwa jiko langu. Kwenye kigoda changu amekaa Mafuta ya Tumboni, mama mnene mwenye adabu, amejifunga kanga yangu ya harusini, anapepea makaa.

"Utaniunguzia nyumba," namwambia.

"Aa, shoga, moto huu si wa kuunguza. Wa kufukuta tu. Mwaka wa kumi huu, moshi umeuona?"

Juu ya paa wanapita watu wadogo kama punje za ulezi, hawahesabiki, wanapiga filimbi.

"Nyie nani?"

"Alama za uvimbe, mwili unapofukuta ndani kwa ndani. Ini hututuma penye moto."

"Moto uko wapi?"

"Hatujui. Kazi yetu kusema upo. Tukizidi hivi, moyo uko hatarini."

"Mbona sukari nimeacha!"

"Siku tatu," wanajibu wote pamoja. "Umemfagilia mgeni uwanja. Sisi tunakaa chumbani."

Nikageuka, jiko limekuwa ukumbi mkubwa kuliko msikiti wa Ijumaa. Katikati amesimama Moyo, mwanamke mwembamba, anatwanga. Peke yake. Kila pigo, barabara zote zinatikisika hadi mwisho wa vidole vyangu. Nikavua kandambili.

"Umeanza lini, mama?"

"Kabla hujazaliwa." Anajibu huku anatwanga. "Mchi sijauweka chini, hata siku ulizokuwa unajifungua. Ila njia zinazidi kuwa nyembamba, na mchi unazidi kuwa mzito. Nipokee, pigo moja tu."

Nikampokea. Nikatwanga mara moja. Uzito ule, jamani, sina maneno.

Nikaamka. Baba Mwantumu kakishika kiganja changu, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Lengelenge bichi hili, Mama Mwantumu. Unga wetu wa mashine. Umetwanga nini?"

Nikalitazama. Limejaa maji, linang'aa.

"Kifua kinanibana," nikamwambia. "Mwezi wa tatu sasa. Nilikuwa nakuficha. Naogopa, baba. Twende wote, nikamwambie daktari nawe ukisikia."