Sauti ya Mzee Semboja

Kila asubuhi Namunyak alianza kazi kwa kuzima kioo cha kompyuta, kwa kuwa hakikuwa na faida kwake ila kumpasha joto usoni. Kipanya alikirudisha stoo siku ileile alipoajiriwa. Alibaki na kibodi na spika mbili ndogo, na ndani ya spika hizo alikaa Mzungu wa programu aliyemsomea kila alichoandika.

Mzungu huyo alijua Kiingereza peke yake. Neno "wafugaji" alilitafuna mpaka likatoka kama jina la dawa, na "Kabuku" hakuiweza kabisa. Namunyak, ambaye tangu utoto alisomea shule ya wasioona huko milimani, alikuwa amezoea kumwelewa kama mtu anavyomwelewa mtoto anayeota meno.

Ofisi ilikuwa Handeni mjini, ya chama cha wafugaji. Ilikuwa miaka ile ambapo mali za serikali zilikuwa zikiuzwa na vyama vya namna hiyo vikichipuka kila kona.

Jumatatu moja, mvua ilipokwisha kukatika, Mzungu hakuwepo. Spika zilitoa sauti nzito ya mwanamume mtu mzima, iliyonyooka, yenye Kishambaa kidogo kwenye ncha za maneno. Ilisoma taarifa ya mkutano wa Kabuku bila kukwama popote.

"Shikamoo," akasema Namunyak.

"Marahaba, mwanangu. Niendelee na ukurasa wa pili?"

"Endelea, mzee."

Catherine, mratibu wa ofisi, alichungulia kutoka chumbani kwake akasikiliza.

"Huyo ni Mzee Semboja wa stesheni ya Korogwe," akasema. "Nimekua nikimsikia. Afadhali, yule wa kwanza alikuwa ananiumiza kichwa." Akarudi kwenye simu yake.

Kama Namunyak alivyokuja kusimuliwa, Mzee Semboja alikuwa ametangaza treni kwenye kipaza sauti cha stesheni tangu ujana wake. Treni ya abiria iliposimamishwa, alipunguzwa kazini pamoja na wenzake. Jioni hiyo alifika nyumbani kwake Kilole, akafungua mdomo kumsalimia mkewe, hakikutoka kitu. Hospitali walimtazama koo wakasema ni zima. Tangu hapo alikuwa akijibu watu kwa kichwa.

Sauti ilikuwa na adabu ya kazi. Ilipofika kwenye majina ya Kimaasai iliuliza kwanza. "Nkoitiko, nimelitamka sawa?" Namunyak aliirekebisha mara moja tu, haikurudia kosa. Akawa anamaliza kazi mapema. Kwa mara ya kwanza maneno yake yalimrudia kama alivyoyakusudia, na furaha aliyokuwa akienda nayo nyumbani ilimtia aibu, maana alijua kuna nyumba Kilole iliyo kimya ili yeye asomewe. Wiki haikuisha akamtumia mzee salamu kupitia kondakta wa basi la Korogwe.

Mzee Semboja alikuja na mkewe, Mashavu. Namunyak alimjua mzee kwa kiganja kilichomshika mkono bila neno, kikauachia taratibu. Mashavu aliongea kwa niaba ya wote wawili, kama alivyokwisha kuzoea.

"Tumekuja kuichukua."

Namunyak alijua maana yake. Ikiondoka, atarudi Mzungu, au asirudi hata huyo.

"Ni yenu, mama," akasema. Akaigeukia kompyuta. "Mzee, mwenyewe amekuja. Nenda naye nyumbani."

Sauti ikauliza:

"Nyumbani nikafanye nini?"

"Ukaongee na mkeo."

"Yeye aliambiwa aache kazi," sauti ikasema. "Mimi hakuna aliyeniambia."

Namunyak akazima mashine, akachomoa na waya ukutani. "Jaribu sasa, baba," akamwambia mzee. Alimsikia akivuta pumzi, kisha akiitoa. Ilitoka pumzi tupu. Kwenye spika zisizo na umeme ile sauti ikakohoa, ikaomba radhi kwa usumbufu.

Mashavu hakulia. Alivuta kiti akakaa mbele ya mashine.

"Basi niite jina langu," akaiambia. "Miaka yote hii nimeitwa na majirani tu."

"Mashavu," sauti ikasema, polepole, kama vile ofisini hamna mtu mwingine.

Namunyak akainamisha kichwa. Alisikia kanga ikifuta uso, asijue ni uso wa nani kati yao wawili.

Catherine alitoka akawasalimia wageni kwa heshima zote. Alimsifu mzee kwa Kiswahili chake. Akaeleza kwamba chama kinafungua ofisi Kabuku, na huko nako ingefaa sauti kama hiyo ipokee wageni. Mzee Semboja akaanza kujigonga kifuani kwa vidole, tena na tena, mpaka Mashavu akamshika mkono.

"Anaomba kazi," akasema. "Awe hapo sauti yake ilipo. Hata kufagia, atafagia."

"Ningependa, mama," Catherine akasema, na kweli aliongea kama mtu anayependa. "Lakini nafasi tuliyonayo ni ya sauti tu."

Wakaagana vizuri. Mashavu alisema watarudi Ijumaa, kuna mambo ya watoto ambayo yeye na mumewe hawajayamaliza. Catherine akasema Ijumaa inafaa, mradi iwe baada ya saa za kazi.

Walipoondoka, Namunyak alirudisha waya ukutani. Taarifa ya josho la ng'ombe ilikuwa bado inamsubiri. Aliweka vidole kwenye kibodi na hakubonyeza.

"Umechoka, mzee?"

"Tuendelee, mwanangu," sauti ikasema. "Tuliishia aya ya tatu."

Akabonyeza. Ikasoma vizuri sana.