Kilo Mia na Themanini na Sita

Mizani ya kliniki ilisema kilo mia na sita nukta nne. Wiki iliyopita ilisema hivyo hivyo, na wiki ya kabla yake, na ukirudi nyuma namna hiyo ungefika wiki kumi na moja. Renske alishuka, akavua saa ya mkononi, akavua na soksi kwa hasira, akapanda tena. Mia na sita nukta nne. Soksi hazikuwa na uzito siku hiyo, wala saa.

"Usiikodolee macho, haikuogopi," alisema nesi Ilse. "Kaa hapa. Leo tuambiane ukweli."

Renske alikuwa amechoka kuambiana ukweli. Mwaka jana, mwezi wa tano, daktari alimfunga mkanda wa plastiki sehemu ya juu ya tumbo ili chakula kipite kidogo kidogo, na kwa miezi kumi alishuka karibu kilo ishirini na mbili bila kupumzika. Mwezi wa tatu uzito ukagoma. Alikuwa anakula vijiko sita tu, kila tonge analitafuna mara ishirini mpaka taya linauma, hanywi maji pamoja na chakula, na kila asubuhi anatembea kando ya mfereji hadi darajani na kurudi. Mizani haikuona kitu.

"Kastadi?" aliuliza Ilse.

"Sili."

"Aiskrimu? Chokoleti ile ya kuyeyusha mdomoni? Mama, mkanda unazuia nyama, hauzuii vitu vinavyoteleza. Kila aliyekwama akija hapa, nikimfungulia mkoba nakuta kopo la kastadi."

"Fungua basi."

Ilse hakuwa mtu wa kuona haya. Aliufungua. Akakuta glavu, kijitabu cha uzito na tufaha lililokatwa vipande vinane, vitatu vimeliwa. Akaufunga mkoba polepole, masikio yamemwiva.

"Nisamehe. Ni kwamba watu wote hukwama, mwili ukiona njaa unabana matumizi. Lakini hukwama kama binadamu, robo juu, nusu chini. Wewe ulipanda mara moja tu, wiki ile ya harusi, gramu mia tisa. Wiki iliyofuata ukazishusha zote na kurudi palepale. Palepale, Renske, hadi nukta. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama." Kisha akachukua sindano, akakitafuta kitufe kidogo cha mkanda kilichofichwa chini ya ngozi ya tumbo, akaingiza maji ya chumvi ili mkanda ubane zaidi. "Tukaze kidogo. Tuone nani mkaidi."

Nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Aukje, pacha wake, alihamia kwake mwezi huo huo wa tatu, alipoambiwa ana saratani ya kongosho na kwamba asitegemee kuuona mwezi wa saba, msimu wa majani ya ng'ombe kukatwa mara ya pili. Renske alizaliwa robo saa mapema, kwa hiyo yeye ndiye Kurwa na Aukje ndiye Doto, na huo mzaha walikuwa nao tangu utotoni. Kurwa alikuwa mjane, ana shamba lililokodishwa kwa jirani na nyumba kubwa yenye vyumba vya bure. Doto hakuolewa, hakunenepa, hakunyamaza.

Hakunenepa, yaani, mpaka mwaka jana. Mwaka jana Aukje alianza kujaa mwili ghafla, akanunua suruali mpya mara tatu, akawa anajigeuza mbele ya kioo na kusema hatimaye Mungu amemkumbuka kwa makalio. Halafu ugonjwa ukaja, na hapo ndipo madaktari walipoanza kushangaa. Wagonjwa wa namna hiyo hukauka wakabaki mifupa. Aukje alikuwa na mashavu. Alikunywa chai, akala robo ya kipande cha mkate siku akijitahidi, na pete yake ilikuwa imembana kidole hadi haivuki fundo.

"Umerudi na kilo ngapi?" aliita kutoka kitandani, kilichowekwa sebuleni karibu na dirisha.

"Zile zile, Doto."

"Pole. Mimi nimeshiba mpaka basi, na sijatia kitu mdomoni tangu jana. Maajabu."

Renske alienda kuweka maziwa kwenye friji. Mlangoni mwa friji palikuwa na kadi ambayo mhudumu wa wagonjwa aliijaza kila Alhamisi baada ya kumpima Aukje. Alikuwa ameipita kadi hiyo mara elfu bila kuisoma. Sasa aliisoma. Sabini na tisa nukta sita. Sabini na tisa nukta sita. Wiki kumi na moja, namba moja, isipokuwa wiki ya harusi, ambapo Aukje alipungua gramu mia tisa, na wiki iliyofuata akazirudisha.

Akatoa kijitabu chake mkobani, akachukua kalamu, akajumlisha nyuma ya bahasha. Mia na themanini na sita. Akajumlisha wiki ya harusi. Mia na themanini na sita. Hapo akakumbuka siku ya kwanza kabisa kliniki. Aukje alimsindikiza, na kwa utani wake akapanda mizani baada yake: Renske mia na ishirini na nane, Aukje hamsini na nane. Ilse alicheka akasema, "Jumla mia na themanini na sita. Mngekuwa na akili mngegawana."

Walicheka wote watatu. Sasa Renske alivuta kiti akakaa. Alijiambia ni upuuzi. Lakini baba yao alikuwa akiwapima kila siku ya kuzaliwa kwenye mizani ya ndama, wawili kwa pamoja, wamekumbatiana, na kwenye mwimo wa mlango wa zizi aliandika namba moja tu. "Ndama wangu mmoja mwenye miguu minne," alikuwa akisema. Majirani walidhani ni uvivu. Hakuwahi kumpima hata mmoja peke yake.

Hesabu yenyewe haikumtisha sana. Kilichomtisha ni wiki ya harusi. Mtoto wa binamu yao alikuwa anaoa, na Renske, kwa kuchoka na vijiko sita, alikula aiskrimu vikombe vitatu, ikateleza vizuri. Wiki hiyo hiyo Aukje alishindwa kuinua kichwa, na daktari akasema waitwe wa kuaga waje kuaga.

Kwa siku tatu Renske alikunywa mchuzi mtupu. Alhamisi mhudumu alitazama mizani, akaipiga kofi kidogo, akatazama tena. "Themanini nukta tisa! Mama Aukje, unakula nini kwa siri?"

"Chai," alisema Aukje. Hakuonekana kufurahi. "Chai na hewa."

Kesho yake kliniki ilimpima Renske mia na tano nukta moja. Ilse alipiga makofi. "Si nilikwambia? Ukaidi wa mizani umekwisha!"

"Kaza tena," alisema Renske.

Alikazwa tena, na tena baada ya hapo. Hakutaka tena kuwa mwembamba. Hamu hiyo ilimtoka kama haijawahi kuwepo. Alitaka Aukje awe hai, basi. Njaa ilikuwa njaa kweli, ya kumfanya asikie harufu ya mkate wa jirani toka ng'ambo ya mfereji, lakini kila ilipomkata aliona ni kilo inavuka kwenda sebuleni, na alifurahi. Alikuwa anatapika povu chooni huku bomba limefunguliwa ili asisikike. Baada ya wiki sita alikuwa na kilo tisini na nane, na Aukje themanini na nane. Majani yalikatwa mara ya pili. Aukje alitoka nje kwa miguu yake, akasimama kwenye uzio na kuwatukana ng'ombe wa jirani kwa majina yao.

"Unaona?" Renske alisema. "Madaktari hawajui kitu."

"Mm," alisema Aukje, na mkono wake ulikuwa ubavuni, umeshika mahali.

Mchana mmoja Renske alimkuta amelala kitini, jua limempiga usoni. Mashavu yalikuwa mekundu, manene, kama ya mtoto anayenyonya. Taya lake lilikuwa linacheza. Alikuwa anatafuna. Hakukuwa na kitu mdomoni, midomo imefungwa, lakini taya lilikwenda taratibu, kwa utaratibu ambao Renske aliujua, na alipohesabu lilifika ishirini, koo likameza, likaanza upya. Renske alitaka kumwamsha akashindwa kumgusa. Alirudi jikoni, akaosha vikombe visivyo na uchafu.

Wiki iliyofuata alianguka kliniki kabla hata ya kufika kwenye mizani. Walimpiga picha, na Ilse akarudi nayo akiwa hana utani.

"Mkanda umeteleza. Umekaa mahali pabaya na tumbo limejikunja juu yake. Kwa nini hukusema unatapika?" Alichomeka sindano na kuyavuta maji yote, mpaka tone la mwisho. Renske alisikia kifua kikifunguka, na akaanza kulia. "Kuanzia leo unakula. Vitu laini, vilivyosagwa, lakini unakula. Ukitapika hata maji unakuja hapa saa hiyo hiyo. Na usipokula kwa kusudi, mama, utatangulia wewe kabla ya mgonjwa wako. Nani atamzika nani?"

Aliendesha gari hadi nyumbani akiwa ameamua kutokula.

Aukje alikuwa mezani jikoni. Mbele yake kulikuwa na ile kadi ya friji, na kando yake kijitabu cha uzito, ambacho Renske alikisahau asubuhi ile. Kulikuwa pia na barua ya hospitali. Jikoni kulinukia supu ya njegere, chakula cha siku za baridi, na huo ulikuwa mwezi wa nane wa joto, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili timamu anayeipika.

"Kaa," alisema Aukje. "Tangu lini unanilisha bila kuniuliza?"

"Doto, sikiliza..."

"Wewe ndiye usikilize. Najua kujumlisha, tulisoma darasa moja na nilikuwa nakushinda." Alisukuma barua. "Majibu ya picha. Uvimbe ulikuwa kama kokwa ya tunda la plamu, sasa ni kama ngumi. Madaktari wananisifia mashavu huku wanaangalia chini. Unadhani kilo zako nani anazila? Mimi nakunywa chai, Kurwa. Chai tu."

"Lakini umesimama. Umetembea hadi kwenye uzio."

"Nimetembezwa." Aukje aliushika mkono wa Renske, akaupeleka chini ya mbavu zake, upande wa kushoto, akaubana pale. "Shika. Usitoe."

Mwanzoni Renske alisikia joto tu, na pumzi. Halafu chini ya ngozi ile laini, iliyonona, kitu kilijikaza na kulegea. Kikajikaza, kikalegea. Hayakuwa mapigo ya moyo. Yalikuwa ya polepole mno, na ya mtu asiye na haraka. Alihesabu bila kutaka. Kilifika ishirini, kikatulia, na baada ya kitambo kikaanza tena.

Alitaka kuutoa mkono. Aukje hakuuachia.

"Kinajua saa zako. Ukiruka chakula cha mchana, saa saba kamili kinaamka. Ukitapika, kinacheka, sijui niseme vipi, kinatetemeka kama kinacheka. Nilikuwa najiuliza nani anakilisha. Kumbe ni dada yangu mpenzi."

"Nikila utakufa," Renske alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Nitakufa, ndiyo. Daktari alisema hivyo mwezi wa tatu, wala hakukutaja wewe. Ila nataka kufa na mifupa yangu mwenyewe. Nimekuwa mwembamba maisha yangu yote, najijua hivyo. Hii nyama si yangu, na wala si yako tena. Usinizike nikiwa nimenoneshwa kwa ajili ya hiki."

Renske alisema hawezi. Alisema wangoje wiki moja tu, wiki mbili, mpaka baridi ianze. Alimwita Doto, akamwita mdogo wangu, akamwambia nyumba hii bila wewe nitazungumza na nani. Aukje alimwacha amalize. Kisha akainuka kwa kushikilia meza, akaenda kwenye jiko, akateka supu iliyosagwa laini kama uji, akaja nayo kwa mikono miwili na kuiweka mbele yake na kijiko.

"Nimesimama saa nzima kuipika, na harufu yake inanitia kichefuchefu," alisema. "Usiniaibishe."

Kijiko cha kwanza kilipita bila kukwama popote, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi. Aukje alikaa, mkono ubavuni, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

"Kimeacha," alisema. "Endelea."

Renske akala cha pili, na cha tatu, akimtazama dada yake usoni, na usoni pale mfupa wa shavu ulikuwa umeanza kuonekana. Supu ilikuwa tamu. Alikuwa na njaa ya wiki nyingi, na mwili wake, usiojua aibu, ulifurahi, na ni furaha hiyo ndiyo iliyomliza. Alilia huku anakula, hakuweza kuacha kimoja wala kingine, na bakuli lilipoonyesha chini Aukje akamwongezea upawa mwingine.