Kengele ya Ismet

Bibi Gunvor huombea kila mtu. Kila Jumapili husimama mbele ya kanisa letu lenye viti vingi kuliko watu, akawaombea Waislamu, Wayahudi, Wabuddha na wasioamini lolote, akiwamo kaka yangu. Nilipomtania kwamba atamchanganya Mungu, alinijibu, "Wewe vuta kengele, Malte. Mungu hakuajiriwa na parokia yetu."

Mzee Ismet, jirani yetu wa ghorofa ya juu, ni Mwislamu kutoka Bosnia. Tangu mkewe Fadila afariki, pazia lake halifunguliwi. Amezeekea mji huuhuu, na bado mlango wake tulikuwa tukiubisha mimi na Gunvor tu. Gunvor aliogopa upweke utammaliza. "Jumapili hii namtaja kwa jina," akasema.

Kwetu majina ya waliofariki husomwa kanisani, kisha navuta kengele; ikinyamaza ndipo maombi ya walio hai huanza. Lakini masikio ya Gunvor yalistaafu kabla yake. Kengele ingali inalia, akapaza sauti: "Na Ismet, jirani yetu mpendwa!"

Watu wakainamisha vichwa. Nilidhani wanaomba.

Alasiri nikakuta ngazi zimejaa. Watu waliopishana na Ismet dukani miaka yote bila hata salamu, leo wameshika maua na maandazi ya mdalasini. Mlango ukafunguka. Ismet, na kandambili zake, akawatazama.

"Kafa nani?"

Solveig wa duka la dawa akawa mwekundu kama nyanya.

"Wewe," nikasema. "Pole sana, mzee."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi ingieni! Matanga gani hayana kahawa?" Akakimbilia jikoni.

Nani aingie? Watu wetu haya zimewazidi. Wakaweka maua chini, wakanong'ona samahani, wakashuka mbiombio.

Nilipoingia, alikuwa ameshapanga mezani vikombe vyote vya Fadila, vile vidogo visivyo na mkono. Gunvor akaja akilia, akiomba radhi. Tukanywa watatu, vikombe vingine vikitutazama.

"Utaniombea tena Jumapili?" Ismet akamuuliza.

"Nitakuombea. Na safari hii nitasubiri kengele inyamaze."

Ismet akautazama mlango aliokuwa ameuacha wazi.

"Hata usiposubiri, jirani," akasema, "si neno."