Ufa wa Paa la Lori

Kwa mara ya nne ufa ulikuwa umerudi, na safari hii nilitukana kwa sauti.

Mimi ni fundi bodi hapa Bariadi, mwaka wa kumi na moja huu. Nikipiga puti mlango uliobonyea, nikapitisha msasa na rangi, mwenye gari mwenyewe hajui liligongwa wapi. Leo linishinde lori la plastiki linaloenea kwenye sahani! Nililiagiza Dar likiwa vipande vipande ndani ya boksi, nikaliunganisha lifanane na lile alilokuwa akiendesha mdogo wangu Jilala mpaka ajali ilipomuua. Jumapili ni misa yake ya mwaka. Nilitaka likae mezani pembeni ya picha yake, lisiwe na alama hata moja.

Kichwa cha lori huja nusu mbili, kushoto na kulia, zinakutana katikati ya paa. Kila jioni nilikuwa naziba, nalainisha kwa msasa wa maji mpaka nikipitisha kidole sisikii kitu. Nikitoka kazini kesho yake nakuta mstari uleule, mweusi, wazi. Nililaumu gundi. Nililaumu joto la bati. Nilimpigia aliyeniuzia nikamwita tapeli. Masikini, akaapa kwa watoto wake.

Alhamisi nilirudi mchana kuchukua spana niliyosahau, nikamkuta mama yangu, Nyanjige, amelipakata lori, kisu cha kumenyea viazi kimezama kwenye paa.

"Mayu! Kumbe ni wewe? Siku zote hizi naumiza kichwa, kumbe ni wewe?"

Hakushtuka. Aliendelea kuchokonoa taratibu.

"Umemkalisha mtu humu," alisema.

"Ni dereva wa plastiki, Mayu. Anakuja na boksi!"

"Najua ni plastiki. Mimi si mjinga, ng'wana wane." Kisu kilitulia. "Jilala alikaa ndani masaa matatu anaita, watu wanatafuta cha kukatia mlango. Na wewe kila siku unaziba."

Hasira ilikuwa bado ipo. Hata hivyo nilikichukua kile kisu, nikakandamiza mpaka paa lote likaachia, puti yangu ikapukutika sakafuni. Dereva alikuwa ameshikwa na gundi kwenye kiti. Nilimtoa kwa koleo, polepole, nikihofia mguu usikatike, nikamweka kiganjani mwa mama.